Kidoti cha Nyumba ya Mama

Kihesa, Iringa
Juni 1976

Mdogo wangu Fanueli,

Kamwene. Hujambo wewe, shemeji, na hilo tumbo lako la Mwanjelwa? Sisi wazima, kikohozi tu. Nikupe habari kubwa: nimefika kwetu kwa miguu na kurudi, na chai yangu haijapoa! Haya, uongo. Nimetembea kwa kidole. Binti yangu Yudith kaninunulia ramani iliyochorwa kwa picha zilizopigwa toka kwenye ndege, kila nyumba kidoti cheusi, na mimi wa darasa la tatu naisoma kuliko askofu anavyosoma Biblia.

Shida yangu unaijua: nitambike kwenye kaburi la mama kabla sijachimbiwa langu. Kila mwaka nakuita, kila mwaka goti lako linauma. Safari hii nikapanga kwanza, kama walivyopanga wazee, kwa nyumba za kulala: usiku wa kwanza kwa mtani, wa pili kwa wakwe, wa tatu kwenye nyumba aliyoiacha Antoni, jirani wa mama. Kwenye shanta blanketi na ugoro tu. Ugali tungeukuta mbele.

Nikamwita Antoni, siku hizi yuko Ipogolo, anionyeshe vivuko. Alicheka mpaka machozi. Akaniuliza kama nitalala kwa fisi, maana picha hizo zilipigwa kabla watu hawajahamishiwa vijiji vipya. Vidoti vyote hivyo, alisema, vilikwisha kuwa majivu. Mimi nilikuwa mjini, sikuona. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akasema paa lake liliwashwa na mgambo wageni, lakini la mama uliliwasha wewe mwenyewe, mgambo mwenye bidii, ili wakubwa wako waone huna upendeleo. Alidhani najua.

Kumbe goti haliumi, Fanueli.

Sikutukani. Matusi yangu yote nilikwisha kuyamaliza kwenye utani. Mwezi ujao nakwenda peke yangu, unga na sufuria mgongoni. Msalimie shemeji, yeye hana kosa.

Ila kaburi liko nyuma ya nyumba, na vidoti vya mteremko ule vinafanana kama mavi ya mbuzi. Ramani imo humu ndani. Siku tulipomzika mama hukuwa umejua kutembea vizuri, nikakuvusha mto mgongoni; hujanilipa. Nilipe sasa. Chukua penseli, zungushia kidoti chetu. Wewe ndiye wa mwisho kuiona nyumba ile imesimama.

Kaka yako,
Jailos