Kizibo Kwenye Usukani wa Baiskeli

Dada Skola, shikamoo! Huku Ifakara jua linachoma na wali nakula mpaka shati linakataa kufunga. Sasa cheka kidogo.

Juzi ofisi moja ya mtaa wa Viwanja Sitini ilinituma stesheni nikabebe diski za kompyuta kwa baiskeli. Za kisasa hazikai tumboni mwa mashine, zinaunganishwa nje kwa waya, zinafuatana kama mabehewa yenu ya Mlimba. Ile ya mwisho ilikuwa na kizibo kinang'aa, hakina hata waya. Nikajua ni urembo. Nikakichomoa, nikakifunga kwenye usukani, baiskeli ikawa bibi harusi!

Leo napita pale, namkuta mama Tekla mchapaji analia. Mashine haizioni diski, na kazi yake ya miaka miwili kwenye ofisi yao ya zamani imo humo. Fundi wao kazoea zile za zamani, anasema, "Basi, tufute tuanze upya."

Nikatoka mbio, nikakifungua kizibo, nikarudi. "Fundi, zima kwanza." Nikapiga ishara ya msalaba, nikakichomeka mwishoni. Kuwasha, diski zote hizo hapo!

Fundi kufungua kitabu chake: "Kumbe bila hiki habari zikifika mwisho zinarudi, zinagongana!"

Mama Tekla akanikumbatia. "Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Kwenye baiskeli, mama."

Wakacheka sana. Dada, mimi sikudanganya!

Nibusie wanao, wajomba zangu, na mama usimwambie. Na wewe wa posta unayesoma hapa, funga mdomo!

Mdogo wako, Fide