Mshindi wa Mnada ni Shangazi, Naye Baba Anataka Kulipa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, na safu yako huwa naisoma katika magazeti ambayo wateja wa baba huyaacha kwenye benchi la saluni. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ningekuandikia, lakini jambo limenifika, nami naomba unisaidie na unisome mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha anasema anayeruka mwanzo wa habari humfanya msomaji aanguke katikati.

Baba yangu ni kinyozi. Kiti chake cha kunyolea ni cha zamani na pampu yake imekufa, hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo mteja mrefu anateremka mpaka anakalia mgongo, mtoto anawekewa ubao juu ya mikono ya kiti, na baba mwenyewe anainama kutwa nzima, ikifika jioni ananyooka kidogo kidogo kama mwavuli wenye kutu. Ndiyo maana alipoona katika mnada wa mtandaoni kwamba kuna saluni inafungwa na inauza kiti cha pampu, chenye ngozi ya rangi ya damu ya mzee na pedali inayong'aa, alikuwa akiitazama ile picha hata wakati wa chakula, mpaka mama akamuuliza, "Hicho ni kiti au mchumba?"

Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti. Jina la mnadani alichagua mwenyewe, Wembe Mkali, na penye nafasi ya picha akataka tuweke bango la saluni yake lenye namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akisema tangazo la bure halikataliwi. Akanionya nisimwambie shangazi, yaani dada yake mdogo, kwa sababu shangazi ana msemo wake kwamba anayenunua kwa macho atakula kwa macho, na baba alitaka kiti kifike kwanza ndipo amwite aje aone.

Mnada ulifungwa Jumapili mchana, saluni ikiwa imejaa, na ilikuwa kama mpira. Kila baba alipotaja bei, mtu mmoja anayejiita Tausi alipanda juu yake, wateja wakapiga kelele, "Ongeza, fundi, usikubali!" na baba akawajibu, "Niongeze kwa mfuko wa nani?" lakini akaongeza, Tausi naye akaongeza, baba akasema, "Huyu Tausi ananyoa wafalme au nini?" na mwishowe akaiweka simu mezani kwa upole kama mtu anayelaza mtoto, muda ukaisha, Tausi akashinda. Mteja aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa akasema, "Pole sana, fundi. Sasa nimalizie na mimi."

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi, ambaye ana duka la kutoa nakala na kuchapa, ili anichapie kazi yangu ya jiografia. Akafunga mlango wa duka nusu, akasema, "Njoo nikwambie kitu, lakini kwanza uape kwamba humwambii mtu." Nikaapa, mshauri, kabla ya kujua ninaapia nini. Akasema, "Nimemnunulia baba yako kiti. Kile kile cha mnadani, nilimkuta siku moja anakitazama kwenye simu, akaificha haraka. Lakini kuna mshenzi mmoja, Wembe sijui Wembe gani, amenipandishia bei mpaka nikamtukana peke yangu humu ndani!"

Nilishika meza. Katika orodha ya mnada yanaonekana majina tu, mpaka ubonyeze jina la mtu ndipo picha yake ifunguke, na shangazi hakuwa na nafasi ya kubonyeza chochote isipokuwa bei. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, lakini akaendelea kusema kwamba kaka yake alimsomesha kwa mkasi na kitana, kwamba yeye hajawahi kumpa kitu kinachofanana na hayo, na kwamba anataka aingie saluni asubuhi akikute kiti kimeshakaa mahali pake. Alikwisha kulipa kupitia mnada wenyewe, na alikwenda kukiona. "Nimekikalia," alisema, "nikapanda, nikashuka, nikapanda tena, mpaka mwenye saluni akaniuliza, mama, hicho ni kiti au pembea?" Kilichobaki ni kupata gari la kukibeba wiki ijayo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni, na pengine ningeweza kuimeza hadi wiki ijayo, kama si ujumbe ulioingia katika simu ya baba. Nimeunakili hapa: "Hongera Wembe Mkali. Mshindi wa kiti ameshindwa kulipa. Wewe ni wa pili, kwa hiyo kiti ni chako kwa bei yako ya mwisho. Tuma nusu kwa namba hii. Usipitie tena kwenye mnada, kuna makato makubwa. Wahi, wengine wanasubiri." Baba aliusoma kwa sauti mbele ya wateja. Alisema, "Mnaona? Tausi manyoya tu!" Saluni nzima ikapiga makofi, nami nikapiga makofi pia, kwa sababu mikono yangu haikujua ifanye nini.

Mshauri, mimi ni mtu wa kutaka kujua. Baba alipokwenda kuchota maji nilichukua simu nikamuuliza yule mtu maswali kana kwamba mimi ni baba. Nilimuuliza kiti kina rangi gani, akajibu vizuri, "Damu ya mzee, ndugu mteja," lakini hilo liko pichani. Nikamuuliza pampu inapanda bila kukwama, akasema, "Kaka, changamka, kiti ni kizima." Nikamuuliza kama naweza kuja kukiona na kulipa hapo hapo mkononi, akasema kiti kimeshapakiwa kwenye lori kiko njiani, kinasubiri nusu ya pesa tu ili kiendelee na safari. Sasa, kiti ambacho shangazi amepanda na kushuka juu yake kimepakiwa vipi kwenye lori? Lakini nikajiambia tena, saluni inayofungwa haiwezi kuwa na kiti kimoja tu, huenda vipo viwili, kimoja cha shangazi na kimoja ndiyo kile kilichomo kwenye lori, na huyu mtu ni mkweli ila hajui kujieleza. Nakiri kwamba ningependa iwe hivyo. Baba amefurahi sana, hata ule ubao wa watoto ameshamwahidi jirani.

Baba anasema atatuma pesa Jumamosi, wateja wakishakuwa wengi. Nikisema ninayoyajua, nimevunja kiapo, nimeharibu zawadi ya shangazi, na nimefichua kwamba baba alitaka kununua kwa macho. Nikinyamaza, naogopa. Nilijaribu kumwambia, "Baba, kama ni mwizi je?" akasema, "Mwanangu, mwizi angejuaje kwamba mimi ni wa pili?" Kwa hiyo nina maswali mawili, nifanye nini, na huyo mtu alijuaje? La pili si la lazima, lakini ukinijibu nitashukuru sana.

Ni mimi, Binti wa Kinyozi.

*

MSHAURI ANAJIBU

(Barua hii ilifika Alhamisi, na mambo ya pesa hayangoji gazeti. Nilimjibu binti huyu saa ile ile kwa barua pepe. Leo naichapisha kwa idhini yake na ya wazazi wake, kwa faida ya wengine wenye ujumbe kama huo katika simu zao.)

Marahaba, binti yangu. Una akili nzuri, na moyo mzuri zaidi, na hivyo viwili vinavutana humo ndani yako. Leo nakuomba uufuate upande wa akili.

Naanza na swali ulilosema si la lazima, maana ndilo lililomfunga baba yako. Alijuaje? Amesoma, kama mlivyosoma ninyi. Bei za mnada na majina ya washindani ziko wazi kwa kila mwenye simu. Mtu huyu hana haja ya kununua wala kuuza chochote. Kazi yake ni kutazama minada ikifungwa na kumtafuta aliyeshindwa kwa karibu, yule ambaye bado roho inamuuma. Alibonyeza jina la Wembe Mkali, akakuta bango la saluni na namba ya simu ya baba yako. Mlango mliufungua wenyewe, mkamwekea na taa. Tangazo la bure hilo limemfikia asiye mteja. Toeni ile picha leo.

Sasa ujumbe wenyewe. Unasema mshindi ameshindwa kulipa. Mshindi unamjua, amelipa, na amekikalia kiti mpaka mwenye mali akashangaa. Mwanangu, ushahidi gani unautaka tena? Unasema "usipitie kwenye mnada." Mnada wa kweli, mshindi akishindwa, humjulisha wa pili ndani ya mnada wenyewe, katika akaunti yake, na pesa hupita mle mle. Anayekutoa nje ya uzio anakupeleka mahali ambapo ukipiga kelele hakuna atakayesikia. Unasema "wahi, wengine wanasubiri." Anayetaka ukimbie hataki ufikiri. Na ulipoomba kukiona, kiti kikaota magurudumu. Maswali yako yalikuwa mazuri, na hilo la kuja kuona kwa macho ndilo linalowashinda wote. Mtu mzima yeyote anayenunua kitu kwenye mtandao na aanze nalo.

Hata hivyo nakugombeza. Usichukue tena simu ya baba na kuzungumza na mtu wa namna hiyo kwa jina lake. Ulidhani unamchunguza, naye alikuwa anakuhesabu: huyu anajibu, kwa hiyo bado anakitaka kiti. Usimwandikie tena neno hata moja, hata la matusi, hata kama unataka sana kujua anafikirije. Anafikiri kuhusu pesa yenu, hakuna la ajabu humo.

Kuhusu viti viwili, naelewa kwa nini unavitaka. Lakini kama mwenye saluni ana kiti cha pili, ataweka tangazo la pili, na shangazi yako anamjua kwa sura. Anaweza kumpigia simu ya nusu dakika akamuuliza. Tena ampigie kwa sababu nyingine: ujumbe unaosema kiti kimepakiwa unaweza kutoka kwa mtu baki, na ndivyo ninavyoamini, lakini pia kuna wauzaji wanaouza kitu kimoja mara mbili. Shangazi asithibitishe mnadani kwamba amepokea mzigo mpaka kiti kiwe ndani ya gari lake. Umeona sasa? Kunyamaza kwako kunamwacha gizani hata yeye.

Tuje kwenye kiapo. Ulifundishwa kutunza siri, na waliokufundisha walifanya vema. Lakini shangazi yako alikuapisha ili kaka yake afurahi. Hakukuapisha ili aibiwe huku wewe ukipiga makofi. Siri hiyo ni yake, hivyo huna haja ya kuivunja mgongoni mwake. Irudishe kwake, uifungue mbele yake, naye mwenyewe aamue. Ile ya baba ni ndogo zaidi. Ataona haya kidogo kwamba naye ananunua kwa macho, na dada yake ataona haya kidogo kwamba amefanya vilevile huku akihubiri. Haya za ndugu wawili huisha kwa kicheko, lakini pesa iliyotumwa kwa namba usiyoijua hairudi kwa kicheko wala kwa kilio.

Unaogopa kuharibu zawadi. Zawadi iko mahali pake, ina pampu nzima na imelipiwa. Kitakachopungua ni mshangao wa asubuhi moja. Baba yako atasikia kwamba dada yake alipigana naye bei kwa bei kwa ajili yake, bila kujua kwamba ni yeye, na hilo hakuna duka linaloliuza.

Basi sikia. Usingoje Jumamosi. Vinyozi hupata wateja siku yoyote, na mtu mwenye furaha hutuma pesa mapema. Ukimwona baba ameshika simu na anaandika ile namba, usitafute maneno mazuri. Sema, "Baba, Tausi ni dada yako," kisha unyamaze, yeye mwenyewe ataiweka chini. Kama hajafika huko, nenda kwa shangazi leo, ukitoka shule, na sare yako mwilini. Mwonyeshe ule ujumbe ulioninakilia. Mwambie aliyekuwa anashindana naye ni nani. Akimaliza kukuuliza mara ya tatu kama una hakika, mpe simu ampigie kaka yake. Halafu ile namba ya tapeli ipelekwe kwa wasimamizi wa mnada na kwa kampuni ya simu, ili aliyeshindwa kwenye mnada mwingine asipate hongera kama hiyo.

Nawe usitoke humo dukani mpaka umesikia kwa masikio yako baba akisema kwamba hatumi.