Nilimpa Mkono Baba wa Ubatizo, Shuka Likaanguka

Mama Agafia, wewe ninayekusoma gazetini kila Alhamisi nikijifanya natafuta habari za hali ya hewa, leo sijifanyi, leo nisaidie, maana bati nalikata, misumari naipigilia, hata jogoo wa kusimamisha juu ya paa la kisima namchonga huku nasinzia, lakini binti yangu wa miaka kumi na mbili amenishinda, au niseme ukweli wangu, mimi ndiye niliyemshinda yeye.

Mke wangu Lilia yuko Italia, anamtunza bibi mmoja wa Padova ambaye hamruhusu hata kwenda dukani peke yake, na atarudi Pasaka, Mungu akipenda na yule bibi akikubali, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, mama yangu na Ilinca, na Ilinca ni mtoto wa haya kupita kiasi, mtoto ambaye padri akimuuliza jina lake anamtazama paka. Mahali pekee anaposahau haya zake ni kwenye ngoma. Kikundi cha kijiji kikianza duara, yeye ndiye wa mbele, kichwa juu, na mimi nyuma kule najifanya vumbi limeniingia jichoni. Sasa tangu tulipovuna zabibu nikaona anatembea amejikunja kama mtu aliyeangusha sindano, koti halivui hata mezani, nami nikadhani ni tumbo, nikampa chai ya mnanaa wiki nzima, mpaka mke wangu akaniambia kwa simu, "Simion, acha kumnywesha majani. Mtoto anahitaji sidiria, na siku ya mtakatifu wa kijiji atacheza na blauzi nyeupe nyepesi. Usingoje Pasaka." Nikasema basi amtume mama yangu. Akasema mama yako atamnunulia ya saizi yake yeye.

Basi Jumapili tukaenda soko la mjini, mimi na kofia mpya kama naenda kuposa, yeye nyuma yangu kama hanijui, tukafika kibanda cha nguo cha Zina niliyesoma naye, na Zina ni mtu mwema sana ila sauti yake ilizaliwa kabla yake. Nikamnong'oneza shida yangu sikioni. Akageuka akamwita mwenzake wa kibanda cha mbali amletee sidiria ya kuanzia, ya binti wa Simion fundi bati, na nadhani hata waliokuwa kituo cha basi walisikia ni ya nani. Ilinca akawa mwekundu kama zile pilipili tunazotundika barazani.

Unajua sokoni kwetu hakuna chumba cha kujaribia nguo, unasimama juu ya kipande cha boksi usikanyage tope, watu wawili wanakushikia shuka, wewe unajaribu. Zina akashika ncha moja, nyingine nikashika mimi kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umebeba boga aliloniagiza mama, na uso nikaugeuzia kwa wauza samaki, nikashikilia lile shuka kama bendera ya taifa. Mtoto mwenyewe hakuvua chochote ila koti, aliijaribu juu ya sweta lake la kijani, nakwambia mapema usinifikirie vibaya.

Ndipo akatokea Haralambie, baba yake wa ubatizo, amenyoosha mkono tangu kule kwenye vitunguu. Mama Agafia, wewe ni wa hapa hapa, unajua kwamba kwetu mwanamume akikupa mkono unampa mkono, unaacha nyundo, unaacha usukani, glavu unaivua hata kwenye theluji, mimi nimewahi kumwona mtu anateremka kutoka juu ya paa kwa sababu ya mkono wa jirani. Sikuamua kitu. Mkono ulikwenda wenyewe, na shuka likaenda chini.

Ilinca alikuwa amesimama juu ya boksi, mikono nyuma, anatafuta kishikizo. Na kwa kuwa Haralambie ni mtu wa adabu, alifanya kile kila mmoja wetu anachofanya akimwona mwenzake na nguo mpya. Akavua kofia, akasema, "Ivae kwa afya, mwanangu." Zina naye akasema ivae kwa afya, akafuata mwenzake, akafuata muuza samaki, akafuata mama wa kijana anayecheza naye ngoma, kwa moyo safi kabisa, hadi safu nzima ya soko ikawa inambariki mwanangu kama bibi harusi.

Nikalipa mbio mbio, na katika mbio hizo nikachukua kubwa zaidi, maana mtoto anakua, na koti lake nililinunua hivyo hivyo na sasa linamkaa vizuri. Ndani ya basi hakulia. Tulipofika darajani akasema, "Baba, si ungemwambia asubiri." Nikamwambia, mwanangu, yule si ni Haralambie? Akageukia dirishani, na mpaka leo ni kama bado yuko dirishani.

Mazoezi ya ngoma hajaenda tena. Mwalimu wao amesema Jumamosi asipotokea, nafasi ya mbele anapewa mwingine. Mama yake akipiga simu anajibiwa ndiyo na hapana. Mama yangu anasema nimwache, enzi zao vitu hivyo havikuwepo na watu walizaliwa. Haralambie anasema nimnunulie simu mpya, atasahau. Mimi nawaza niende kwenye mazoezi nikawaeleze wote ilivyokuwa, ili wamwonee huruma. Niende? Nimfanye nini mtoto huyu arudi kucheza?

Ni mimi, baba mwenye mkono mwepesi.

*

Baba mwenye mkono mwepesi,

Weka chini hilo boga, ukae, unisikilize.

Kabla ya yote, jua kwamba majina yote humu nimeyabadilisha, kijiji nimekifuta, sweta nimelipaka rangi nyingine na ufundi nimekupa mwingine. Boga nimeliacha, boga kila mtu analo. Wewe uliniandikia jina la mtoto, la shule yake na la ukoo wake, na gazeti hili Jumapili linafungiwa samaki soko zima. Ulitaka kuliangusha shuka mara ya pili?

Haya, sasa nikupe haki yako. Ulikwenda. Nawajua akina baba ambao wangempa jirani hela wakaingia chini ya trekta mpaka mambo yaishe. Wewe ulivaa kofia mpya, na kwa kofia hiyo nakuheshimu. Habari yenyewe inachekesha, sikufichi, nimeisoma nikamwaga kahawa. Na yeye iko siku ataicheka. Siku hiyo ataichagua mwenyewe, na wewe ole wako umtangulie.

Lakini Simion, hivi barua yako uliisoma kabla ya kuifunga? Shuka hata upepo ungeliangusha, na mtoto asingekununia hadi leo. Alikuambia kinachomuuma, pale darajani, kwa maneno machache kuliko yote uliyoniandikia wewe. Ungemwambia asubiri. Na wewe ukamjibu kwamba yule ni Haralambie! Mtu ambaye unamshika mkono kila siku ya Mungu, kanisani, kisimani, na mkikutana tena jioni mnashikana upya kana kwamba mlidhani mmoja wenu amekufa mchana. Angebaki na mkono hewani kidogo, ungenyauka? Angeurudisha mfukoni upate joto. Mtoto wako alikuwa amekukabidhi haya zake zote katika ncha ya shuka moja, akaona umeiachia kwa ajili ya salamu.

Kwa hiyo kwenye mazoezi usikanyage. Kuwaeleza wote! Bwana wewe, huna shimo jingine la kuchimba? Simu mpya pia acha, Haralambie amnunulie mkewe. Na mama yako mwambie ni kweli watu walizaliwa, lakini hakuna aliyepelekwa sokoni na wewe.

Fanya hivi. Leo jioni kaeni mbangue jozi, zile kokwa zenye ganda gumu, kazi ya mikono ni nzuri, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake. Mwambie, "Ningemwambia asubiri. Nilikosea." Halafu nyamaza. Najua kinywa kitakuwasha, najua utataka kuongeza habari za adabu ya wanaume na asili ya salamu. Bangua jozi.

Kesho yake muulize anataka kwenda dukani na nani. Muulize yeye, usimpangie. Akimtaka mama yake, basi simu iingie naye chumba cha kujaribia, na wewe utoke nje ukachonge huyo jogoo niliyekupa. Ila nakukumbusha mtu mmoja ambaye katika kurasa zako zote hukumtaja, ukamtaja mumewe hadi kofia. Mama yake wa ubatizo yuko wapi? Siku mtoto alipotolewa majini ameloa na anapiga kelele mbele ya kanisa zima, ni nani aliyempokea kwa shuka jeupe akamfunika? Na wala hakuliachia, ingawa nina hakika walimpa mikono ya pongezi wengi tu. Mwanamke huyo anajua kushika shuka. Mwambie kabla ya Jumamosi. Waende duka lenye mlango, na mlango uwe na kitasa. Ile uliyoichukua mbio mbio mrudishie Zina, kwa kunong'ona kama utaweza. Koti hununuliwa la kukulia. Sidiria hununuliwa ya leo.

Kama Jumamosi bado hataki kucheza, usimsukume. Nafasi ya mbele ikipotea itapatikana tena mwakani, au atacheza nyuma, miguu ni ile ile. Lakini nakuambia, mtoto anayecheza kichwa juu haachi ngoma kwa sababu ya soko. Anangoja kuona kama nyumbani kuna mtu wa kumshikia shuka.

Na usishangae akisema, "Baba, na wewe twende." Watoto wa haya ndivyo walivyo, wanataka uwepo, ila mbali kidogo. Basi nenda. Simama nje ya mlango wa duka, beba mifuko yote, na boga kama lipo. Atatokea mtu amenyoosha mkono tangu ng'ambo ya barabara, maana watu hao mji wenu hauna uhaba nao. Mwache nao hewani. Kisha mwambie, kwa sauti ya Zina, ifike mpaka ndani:

"Subiri. Niko na binti yangu."

Mama Agafia