Nampenda, Lakini Shamba Langu Simpi

Mpendwa mshauri,

Sikuandikii nikiwa nalia, maana kulia nilikwisha kumaliza katika ndoa yangu ya kwanza. Nakuandikia nikiwa na hasira, na msaada ninaouomba nauhitaji kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi asubuhi natakiwa kutia sahihi karatasi fulani, na Jumapili padri wetu ataitangaza ndoa yangu kanisani kwa mara ya tatu na ya mwisho, na Jumanne nitakuwa mke wa mtu, au sitakuwa.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na saba, hapa Shropshire, Uingereza, nina ekari mia sita, kinu cha maji, kondoo wasiopungua elfu moja na nyumba kumi na moja za wapangaji, na vyote aliniachia marehemu mume wangu kwa wosia kwa kuwa hatukujaliwa mtoto, na miaka tisa sasa naviendesha mwenyewe, ila usidhani namsifu marehemu, maana sehemu nono ya mali hiyo ilitoka kwa baba yangu, nilikuja nayo nikiwa na miaka kumi na tisa, na siku niliyosema "ndiyo" mbele ya padri ikaacha kuwa yangu, kwani sheria yetu unaijua, mwanamke wa Kiingereza akiolewa kila kinachobebeka ni cha mumewe mpaka vijiko, na ardhi yake anaishika mume na kula mavuno yake. Mama yangu aliniachia mipeasi sitini, ile inayotoa kinywaji kikali wanachokipenda wavunaji wetu, na asubuhi moja tukiwa mezani nikasikia mashoka, nikauliza kuna nini huko nje, marehemu akasema, "Naikata ile mipeasi, mke wangu, nataka mahali pa kuwajengea mbwa wangu wa kuwinda. Kula, mayai yanapoa." Na mimi nikala, mshauri. Sikusema neno, nikala, na hilo linaniuma kuliko mipeasi yenyewe.

Sasa amekuja mwanamume ambaye hapa nitamwita Ambrose, ana miaka hamsini na miwili, anatibu farasi, hana mbele wala nyuma ila sanduku la dawa, fidla na mashati mawili ambayo yote mawili nimekwisha kuyashona viwiko, na tulijuana siku jike langu la farasi liliposhindwa kuzaa, akaja mvuani, akavua koti, akafanya kazi mpaka mtoto akatoka mzima, na muda wote huo ananitania, hata nikamuuliza, "Bwana, wewe ni tabibu au mchekeshaji?" akanijibu, "Kwa farasi ni tabibu, bibi. Kwa wenye farasi inabidi niwe mchekeshaji, la sivyo wananifundisha kazi." Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana ndani ya nyumba hii hakuna aliyewahi kunisikia nikicheka hivyo, na mpishi wangu Dorcas akachungulia dirishani kuona nimepatwa na nini. Ameniomba tuoane mara tatu na mara ya tatu nimekubali, na kijijini wanasema anaoa kinu, si mimi, na Dorcas naye kaniambia, "Bibi, akikuomba ufunguo wa ghala kabla ya busu, mfukuze. Akianza na busu, nenda nalo na usitusimulie." Mpaka leo ufunguo hajauomba.

Nampenda, sifichi. Lakini shamba langu simpi, hata yeye, hata awe malaika, kwa sababu marehemu naye alikuwa mtu wa kupendeza kabla ya harusi.

Ndipo akaingia shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mwenye watoto wawili wa kiume ambao tangu mazishi huliangalia shamba langu kama watu wanaongoja meza iandaliwe, na huyu shemeji matangazo yalipoanza alinuna, alikohoa kanisani mpaka padri akakatiza kusoma, lakini baada ya tangazo la pili akaja kwangu na bata bukini aliyenona, uso umemlainika, akasema:

"Shemeji, moyo ni wako. Olewa. Ila mali ya kaka yangu tusiiache iliwe na mtu wa kukamua majipu ya farasi."

"Mali yangu," nikamwambia.

"Haya, yako, usinikamate kwa neno. Njia ipo. Unaandika hati kabla ya harusi, mali inakaa mikononi mwa mdhamini kwa manufaa yako wewe, na mume hagusi hata unyasi. Matajiri wote wanafanya. Wakili wangu ataiandika, na mdhamini nitakuwa mimi, bure, kwa heshima ya marehemu."

"Na Ambrose nimwambie lini?"

"Usimwambie! Mwanamume mwenye heshima ukimwekea hati mezani kabla ya harusi umemwita mwizi. Atavaa kofia yake aende. Mwache aoe kwanza, akishaoa atazoea."

Nimeisoma hati yenyewe, imeandikwa vizuri, upo mstari mmoja unaosema sitauza, sitapangisha wala sitausia chochote bila idhini ya mdhamini kwa maandishi, lakini shemeji anasema ndivyo mawakili wanavyoandika, kwa hiyo hilo silo linalonisumbua, linalonisumbua ni Ambrose, maana Jumapili jioni alikaa jikoni kwangu akinirekebishia hatamu, mara akaweka kikombe chini akaniambia, "Bi. Hester, una jambo. Umenitilia chumvi kwenye chai, na nimekunywa nusu nzima nikingoja useme." Nikacheka, nikasema ni uzee. Nimemdanganya mtu ambaye hajanidanganya, hata ndoa hatujafunga.

Basi niambie, nitie sahihi kimya kimya nimpate, au nimwambie nimkose? Na tafadhali usinishauri nichague kati ya mume na shamba, maana padri ananiambia nichague, dada yangu ananiambia nichague, hata muuza siagi wa sokoni ananiambia nichague, na mimi nimechoka kuambiwa hivyo na watu ambao wao hakuna aliyewaambia wachague. Vyote viwili navitaka.

Mjane wa Kinuni (majina yote nimeyabadilisha, na langu pia)

JIBU

Mjane wa Kinuni,

Kalamu iweke chini, tena mbali na hiyo karatasi ya shemeji yako. Umeiweka? Haya, sasa tuzungumze.

Umenijazia kurasa nne za hasira juu ya sheria, nami nakubaliana na kila neno, na kwa asubuhi ile uliyokaa kimya mezani nakupa pole ya kweli, kwa sababu wanawake wengi watakaosoma barua yako wamekaa kwenye meza hiyo hiyo. Lakini jambo linalotaka kukumaliza umeliandika kwa mstari mmoja tu, tena wa kupita njia, kisha ukaniambia halikusumbui. Hutauza, hutapangisha, hutausia bila idhini ya mdhamini. Mdhamini ni nani, bibi? Si ndiye yule aliyekuwa akikohoa kanisani? Mwanamke mzima, unayeendesha kinu na kondoo elfu, ukitaka kumpangishia mtu chumba uende ukamwombe ruhusa baba wa wale vijana wawili! Na siku ukitaka kumwachia Dorcas wako chochote kwa wosia, unadhani atakupa hiyo idhini? Hatakupa, na ukifa bila wosia unaokubalika, mali yote itakuwa bado mikononi mwake. Umekimbia mfuko wa mume ukaingia mfuko wa shemeji, tena kwa miguu yako, kwa sababu ya bata mmoja. Amekuvisha kilemba cha ukoka na wewe ukaenda kujitazama kwenye kioo.

Na hiyo siri anayokushauri ni mbaya zaidi. Majaji wetu wana kawaida ambayo wakili yeyote anaijua: mwanamke aliyekwisha kumkubali mchumba, kisha akaihamisha mali yake bila mchumba huyo kujua, wao huiita hila dhidi ya mume, na hati ya namna hiyo inaweza kuvunjwa. Kwa hiyo hata ungetia sahihi Jumamosi, ungekuwa na karatasi isiyo na nguvu, mume aliyedanganywa mwenye haki ya kukasirika, na shemeji aliyekaa pembeni akiwatazama mnavyoburutana mahakamani. Labda hayajui hayo, labda anayajua sana. Kwa vyovyote, usimpe kazi ya udhamini wa hata banda la kuku.

Hapo sijakuambia uchague, na sitakuambia. Huna kosa kutaka vyote viwili. Kosa lako ni kutaka kimoja kwa mlango wa nyuma.

Sasa sikiliza, na ufanye hivi hivi. Hati ya shemeji itupe motoni leo. Kesho panda gari lako la farasi uende mjini kwa wakili wako mwenyewe, asiyekula chakula cha Krismasi kwa shemeji yako, akuandikie nyingine. Wadhamini wawe wawili, uwachague wewe, watu ambao hawatarithi kitu ukifa. Iandikwe kwa maneno yasiyopindika kwamba mali ni kwa matumizi yako mwenyewe, mbali na mume wako huyu na yeyote atakayemfuata, kwamba wadhamini watafanya utakaloandika wewe na si wewe kufanya watakaloandika wao, kwamba utauza, utapangisha na utausia kana kwamba hukuolewa kamwe, na kwamba mdhamini akikukera unamwondoa. Wakili akikuambia neno fulani huwekwa kwa kawaida tu, mwambie alifute, kwa kawaida. Tangazo la tatu lisomwe Jumapili kama lilivyopangwa, lakini harusi ya Jumanne isogezwe mpaka hati iwe tayari. Tangazo la ndoa si maziwa, halitaganda. Mkate wa harusi ukiharibika, wape kondoo.

Kabla ya hayo yote, Ambrose. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na hata kama majina umeyabadilisha, ni watu wangapi katika wilaya yenu waliotiliwa chumvi kwenye chai na mjane mwenye kinu? Kwa hiyo mwambie wewe kabla hajajisomea mwenyewe. Usianze na "samahani". Usianze na habari za shemeji wala za marehemu. Mwambie hivi: "Nakupenda na nitaolewa nawe, na shamba langu litabaki langu. Wakili wangu ataandika hati. Utaisoma yote, na ukikubali, utatia sahihi yako pembeni ya yangu." Kisha nyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo gumu, najua, kwa jinsi unavyoandika.

Unaogopa atavaa kofia aende. Akienda, ataondoka na sanduku lake la dawa na fidla yake, na kila kitu chako kitabaki mahali kilipo, na utalia wiki mbili, nami nitakuwa upande wako. Lakini mtu aliyekunywa nusu kikombe cha chai ya chumvi akikungoja useme, sidhani kama anakimbia karatasi. Huyo ulipaswa kumwambia Jumapili ile ile, na ninakukaripia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote, kwa sababu ulimpima kwa aibu za mwanamume mwingine aliyekwisha kufa.

Na wewe shemeji, ambaye najua unasoma, maana watu wa aina yako huisoma safu hii wakisema wanatafuta bei ya sufu: bata wako ametufikia, ahsante. Watoto wako wana mikono miwili kila mmoja. Wafundishe kazi.

Utauliza, mjane, mimi nayajuaje haya yote kwa undani. Niliolewa na mtu mwema. Sikejeli, ni mwema kweli, na kwa kuwa alikuwa mwema nikaona haya kumwekea karatasi mezani, nisije nikamuudhi. Hajanipigia kelele hata siku moja. Lakini malipo ya safu hii unayoisoma, kila robo mwaka mhariri humkabidhi yeye mkononi, kwa kuwa mbele ya sheria mimi sina mkono wa kupokelea, na yeye kwa wema wake hunirudishia kidogo cha kununulia wino, nami husema ahsante. Miaka kumi na sita nasema ahsante kwa kitu changu. Nenda kamwambie Ambrose leo, mwenzangu, kungali mchana, na wewe usije ukaisema hiyo ahsante hata mara moja.