Nilipiga Magoti Nikiwa na Uboho wa Farasi Mkononi

Ngulyati, Bariadi
Jumapili, 12 Machi 2006

Mama Milembe, shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, kwa hiyo hii sitaisoma tena, nitaitia kwenye bahasha ilivyo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na ni mtu wa aibu sana, darasani naweza kulijua jibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na bado nisinyooshe mkono.

Mjomba wangu Luhaga anatunza farasi wa mwekezaji mmoja mwenye kambi ya watalii, na farasi mmoja jike, mweupe, ambaye wafanyakazi wanamwita Pamba, alichanika kano ya nyuma ya mguu wa mbele akaletwa huku kwetu kupumzika. Akaja daktari wa mifugo kutoka Mwanza, Dokta Generoza, akatueleza kwamba atavuta uboho kutoka mfupa wa kifua cha Pamba, uende maabara nje ya nchi, huko watatafuta seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa kitu gani, wazikuze ziwe nyingi, halafu zirudi zidungwe palepale kwenye kano iliyochanika ili ijijenge upya. Mimi niliingia humo kwa sababu karatasi ya maabara ilikuwa ya Kiingereza na mjomba Kiingereza hakijui, akasema mpwa wangu anasoma, atatusaidia. Nilimsomea kwa Kisukuma, mstari kwa mstari. Ilisema bomba la sindano likishajaa lizibwe mdomo hapo hapo, liwe linainamishwa taratibu huku na huku bila kusimama ili uboho uchanganyike na dawa ya kuzuia kuganda, na lisilazwe popote isipokuwa kwenye boksi la baridi. Niliisoma mara mbili, Mama, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tarehe nne. Pamba alichomwa dawa ya kusinzia, akasimama kichwa kimening'inia, akanyolewa kifuani, akaoshwa, akatiwa ganzi, na Dokta akaingiza sindano nene ambayo sijawahi kuona mfano wake. Bomba la kwanza nilipokea vizuri, nikaziba, nikainamisha huku na huku mpaka Dokta akasema, "Una mkono mtulivu wewe, hata wanafunzi wangu hawako hivi." Mimi kusifiwa sijazoea, nikabaki naangalia chini.

La pili, ndilo la mwisho, aliponipa, kabla sijaliziba, nikasikia nyuma yangu sauti ya babu yangu, mzee Masele, amekuja na majirani wawili kutazama. "Kumbe punda wa Wazungu anasinzia kama mlevi," akasema. Jirani mmoja akamjibu, "Wanunuzi wamejaa kila kona siku hizi, wamemaliza pamba ya shambani, sasa wanakamua hii yenye miguu." Watu wakacheka, na babu akaja akasimama mbele yangu kabisa.

Kwetu msichana habaki wima babu yake akifika, wala haamkii huku ameshika kitu, unaweka chini ulichonacho, unapiga magoti, mikono mitupu. Hakuna aliyeniamuru, magoti yalikwenda yenyewe, nikamwamkia babu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, guku." "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola." Akauliza mama mzima, nikaitikia, akauliza ng'ombe, nikaitikia, akauliza shule, akauliza yule ndama aliyekuwa anaharisha, na mimi nikaitikia yote, na bomba limelala kwenye majani mdomo wazi, karibu na mavi ya farasi, dakika kama tatu. Dokta alikuwa ameinama chini ya kifua cha Pamba anakandamiza pamba pale palipotobolewa, hakuona. Babu alipopita nikaliokota, nchani lina udongo, nikalifuta kwa kanga yangu, nikaliziba, nikalitikisa, nikampa. Akasema, "Safi," akaliweka kwenye boksi.

Mjomba aliona. Jioni akaniambia, "Mkubwa kafika, ulitaka umwamkie umesimama kama mlingoti? Hukukosea kitu. Ila ukifungua mdomo, kazi yangu imekwisha, mimi ndiye niliyekuleta." Na Dokta wakati anaondoka aliniachia namba yake ya simu, nimpigie mguu wa Pamba ukivimba, akasema nikimaliza kidato cha nne ataniandikia barua ya kuniombea nafasi chuo cha mifugo.

Seli zinarudi Jumanne tarehe 28 na siku hiyo hiyo Pamba atadungwa. Nimesoma kwamba vijidudu vikiingia kwenye kano mguu unaweza kuoza, na farasi asiyeweza kusimama anauawa. Nikisema, mjomba ataniona msaliti, Dokta ataniona mchafu, na babu atasikia kwamba salamu yake ndiyo iliyoharibu. Nikinyamaza, labda maabara wataona wenyewe. Je, niwaachie maabara?

Mwenye Aibu

MAMA MILEMBE ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Hapana, usiwaachie maabara.

Kabla ya kukujibu nilimpigia simu daktari wa mifugo ninayemfahamu, sikumtajia kijiji wala jina. Anasema maabara nzuri hupima vijidudu, na huenda bomba lako limeshatupwa zamani. Lakini akaniambia pia kwamba anayepima bila kuambiwa kitu hupima kama kawaida yake, na aliyeambiwa kwamba bomba limelala karibu na mavi atatafuta zaidi. Neno lako ni sehemu ya kipimo, na mpaka leo hujalitoa.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeniandikia mwenyewe. Kupiga magoti sikulaumu. Umelelewa, na mwili ulifanya ulicholelewa. Kosa lako lilianzia kwenye kanga. Pale ulipofuta udongo, ukaziba, ukamkabidhi mtu aliyekuamini, ndipo ulipochagua. Ungesema pale pale, "Dokta, hili limegusa chini," angelitupa, angechukua lingine, sindano bado iko karibu na farasi bado amesinzia. Ingekula dakika kumi. Umeifanya iwe wiki tatu.

Mjomba wako naye simsifu. Anasema hukukosea kitu, na papo hapo anasema ikijulikana kazi yake imekwisha. Hayo mawili hayakai pamoja, na nadhani analijua hilo. Ana hofu, mwelewe, lakini usimtii katika hili. Farasi akiharibika mguu baada ya sindano, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye mtunzaji, na hapo hatakuwa na la kusema. Ukisema leo, ana la kusema: mpwa wangu alitueleza mapema.

Unamwogopa Dokta. Mwanangu, huyo mama amekusifia mkono mtulivu, na kazi anayotaka kukuingiza ni ya wagonjwa wasioweza kusema wanaumwa wapi. Ukinyamaza sasa, hata barua yake ukiipata utakuwa umeipata kwa kumficha. Anaweza kukasirika. Anaweza hata kukunyima barua. Utaomba chuo kwa alama zako kama wengine.

Fanya hivi. Mpigie Dokta Generoza wewe mwenyewe, usimtume mjomba. Kama huna salio nenda kwenye kibanda cha simu. Usianze na "samahani" kumi, utalia kabla hujafika kwenye neno lenyewe. Andika kwenye karatasi na umsomee: "Dokta, bomba namba mbili la Jumamosi tarehe nne nililiweka chini likiwa wazi, kwenye majani karibu na mavi, dakika kama tatu, nikalifuta kwa kanga, nikaliziba. Sikukuambia. Naomba uwajulishe maabara kabla Pamba hajadungwa." Kisha nyamaza, uulizwe, ujibu kila unachoulizwa. Kama alisahau kuandika namba kwenye mabomba, mweleze kwamba ni lile la mwisho. Akisema uboho uchukuliwe upya, huyo daktari wangu ananihakikishia inawezekana, na wewe omba kuwepo.

Ukimaliza Dokta, mwambie mjomba siku hiyo hiyo, uso kwa uso, asije akasikia kwa mwekezaji.

Babu yako mwache mwisho. Usimwambie kwamba salamu yake imeharibu kitu, kwa sababu haikuharibu. Mwambie hivi: "Guku, siku nyingine nikiwa na kazi ya daktari mkononi nitakuamkia kabla haijaanza, na ikishaanza naomba uniruhusu nibaki wima mpaka iishe." Mkunga aliyemshika mtoto aliyetoka nusu hapigi magoti kwa sababu mkwe kaingia chumbani, na sijasikia mkwe aliyedai. Mzee anayekumbuka mpaka ndama wako anayeharisha anaelewa mgonjwa ni nini. Mheshimu kiasi cha kumwomba.

Barua yako imenifikia juzi, tarehe 22, na gazeti hili linatoka leo Ijumaa. Kwenu linafika kwa basi la kesho, Jumamosi. Jumanne ndiyo siku ya sindano, na maabara za nje nyingi hufunga Jumapili. Kwa hiyo mbele yako kuna Jumatatu peke yake ya watu kufanya kazi, na Dokta anaihitaji yote. Usisubiri mpaka utoke kanisani Jumapili, wala usilisome jibu hili mara ya pili kutafuta mahali nilipokuonea huruma. Kunja gazeti, chukua ile namba, upige sasa.