Mtu Mwenye Bahasha ya Kaki

Jumatano, 4 Juni

Nimeamka saa kumi na moja. Baridi kali, ukungu mpaka saa tatu. Nimechambua viazi vya wifi Oliva, vya kuuza upande huu, vya mbegu upande ule. Kisha barua ya maombi ya kazi, ya tatu wiki hii.

Kwa ajili ya kumbukumbu sahihi, naandika ya jana. Mahakama ya wilaya, Njombe. Shitaka: kupatikana na bangi, msokoto mmoja, mfukoni mwa koti, maegesho ya malori, hapa Makambako. Nilijibu, "Ni kweli, mheshimiwa." Nilisimama wima. Nilitaka hakimu atambue kwamba mbele yake yupo mhitimu wa chuo kikuu. Akasema mengine, akaandika, karani akasoma kwa haraka. Sikusikia. Kichwa kilikuwa kinavuma kama mashine ya kusaga. Nilichoshika ni tarehe tu: kumi na saba, adhabu. Kaka Festo, mume wa wifi, ndiye mdhamini wangu.

Kifungo kinawezekana. Nikifungwa, usaili wa Julai umekwenda. Afisa Utumishi Daraja la Pili. Sina kingine ninachokitaka.

Sikusema kwamba ninaumwa. Sitasema.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelala kwa saa mbili tu. Vidonge viliisha mwezi wa nne. Kliniki yangu ya akili iko Ilembula. Niliichagua makusudi, kwa kuwa kule hakuna anayenijua. Nauli ilinishinda, aibu ikamalizia. Ndipo nikanunua misokoto miwili kwa utingo mmoja, nipate usingizi. Wa kwanza ulinilaza. Wa pili ulinikamatisha.

Swali: nani aliwaambia polisi? Walinijia mimi moja kwa moja. Wifi alifahamu kwamba nilikuwa napita pale jioni. Leo amepiga simu mara mbili, zote nyuma ya banda la kuku. Aliponiona akashusha sauti. Nimeandika muda: saa nne na dakika kumi, saa nne na nusu na ushei.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya kwanza. Baadaye, bombani, wanawake wa jumuiya yetu walinyamaza nilipofika. Mama Kevini hakuweza kuvumilia.

"Msomi, kazi umepata? Tumesikia siku hizi unaripoti mahakamani."

Wakacheka. Wifi akamjibu, "Mama Kevini, ndoo yako imejaa zamani, inamwagikia viatu."

Ama alinitetea, ama alitaka mazungumzo yakome kabla hajatajwa. Dhana zote mbili zinabaki wazi.

Jumatatu, 9 Juni

Kadi yangu ya kliniki haipo. Ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya vyeti. Sanduku limefungwa vizuri kuliko ninavyolifunga mimi.

Wifi aliondoka alfajiri bila kuaga. Amerudi jioni, viatu vyekundu kwa vumbi. Ameipeleka wapi? Kwa nani? Sikuuliza. Nikiuliza atajiandaa. Naamini anataka kumthibitishia kaka kwamba mimi ni kichaa, niondolewe nyumbani.

Jambo la pili. Mwanamume mgeni, jaketi la kijani, bahasha ya kaki. Amefika kwa balozi wa nyumba kumi. Amefika kwa Mama Kevini. Anauliza habari zangu: naishi na nani, nakula wapi, tabia yangu ikoje. Watoto wa jirani wameniambia.

Sikula.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja. Wifi alikuwa sokoni na viazi.

Nilimwona tangu kona ya barabara, nikavaa koti la suti na kuficha gunia nililokuwa nimekalia. Mambo yalinijia yote kwa pamoja. Bahasha ya serikali. Maswali kwa balozi. Huu ni upekuzi wa watumishi wapya! Wanawachunguza waombaji kabla ya usaili. Alianza kujitambulisha, sikumwacha amalize. Nilimwambia nimefurahi kwamba ofisi yake inafanya kazi kwa weledi.

Aliuliza kuhusu afya. Nilisema sijawahi kuugua, hata mafua. Kipato? Nilisema ninaendesha ofisi ya ushauri wa kitaalamu na ninamiliki shamba la parachichi. Shamba ni la kaka. Ofisi ni meza hii ninayoandikia. Kisha akauliza kuhusu shauri lililoko mahakamani. Kumbe wanajua! Nilijibu kwa utulivu kwamba ilikuwa starehe ya siku moja, halikuwepo tatizo lolote lililonisukuma, na faini yoyote nitakayopigwa nitailipa siku hiyo hiyo.

"Una hakika, dada? Hakuna lingine ungependa niandike?"

Nikamwambia aandike kwamba ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

Aliandika. Sijapata kujieleza vizuri namna ile tangu nilipotetea utafiti wangu chuoni.

Jumatano, 11 Juni

Nina furaha. Nina hofu pia: mgeni yule alikutana na wifi njiani, wakasimama pamoja muda mrefu. Nilichungulia dirishani. Wifi alikuwa anatikisa kichwa, anajifuta macho kwa kitenge. Anajua kulia anapotaka kuaminiwa.

Amenichongea. Namchukia.

Alhamisi, 12 Juni

Kaka Festo amerudi leo kutoka shambani, ameita kikao baada ya ugali. Amepigiwa simu kutoka Njombe.

Yule bwana hahusiki na ajira. Ni afisa wa huduma kwa jamii. Hakimu ndiye aliyemtuma achunguze maisha yangu, ili aamue kama nifungwe au nitumikie adhabu nikiwa nyumbani. Ndiyo yale ambayo sikuyasikia kizimbani. Amemuuliza kaka: dada yako anasema ana mali na afya tele, mke wako anasema anaumwa na anakula kwenu, nimwamini nani? Taarifa inakwenda kwa hakimu kesho jioni.

Kaka alifoka. "Shamba la parachichi! Lini nilikuuzia? Umejipeleka jela kwa mdomo wako mwenyewe, na Kiswahili chako cha kwenye redio!"

Wifi alinyanyuka, akarudi na kadi yangu na mfuko wa karatasi. Vidonge. Jumatatu alikwenda Ilembula kunichukulia. Zile simu zilikuwa za muuguzi. Alivificha akisubiri kaka awepo, maana mara ya mwisho aliponipa vidonge nilimrushia kikombe. Kovu liko juu ya jicho lake. Sijawahi kuliandika humu.

"Wamesema mwezi ujao uende mwenyewe, wifi. Mimi wamenipa kwa huruma tu."

Nimemeza mbele yao. Bado nilikitazama kile kidonge pande zote mbili kwanza. Nasema ukweli.

Ijumaa, 13 Juni

Njombe. Nimekwenda peke yangu, kadi ndani ya soksi, nisiibiwe. Nani aibe kadi ya kliniki? Nilijiuliza njia nzima, na kadi sikuitoa.

Afisa alikuwa amekwisha kuandika. Kurasa mbili, zimebanwa kwa pini. Alinionyesha mstari mmoja: *Mshtakiwa ana uwezo, hana maradhi, na anachukulia kosa lake kama starehe.* Maneno yangu. Sikuweza kuyakana.

"Nilijitambulisha mara mbili," alisema. "Ulikuwa unanikaribisha tu."

Nilikuwa nimeandaa maelezo tangu usiku: utangulizi, hoja, hitimisho. Yakanikauka mdomoni. Nikasema ninaumwa ugonjwa wa akili tangu mwaka wa pili chuoni. Sina kazi. Nakula kwa kaka yangu. Nilivuta ili nilale. Kisha nikainama kutoa kadi kwenye soksi, mbele yake na mbele ya karani wake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyenichongea polisi. Akafungua jalada.

"Siku ile walikamatwa watu kumi na mmoja, dada. Walizunguka maegesho yote. Hakuna aliyekutaja."

Sijui kama ninamwamini. Ninajaribu.

Hakuahidi kitu. Alichana ukurasa wa pili, akachukua mwingine mweupe.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelala kwa saa tano. Midomo mikavu, dawa ndivyo inavyofanya. Nimechambua viazi na wifi. Nimetaka kumwomba radhi. Nimeishia kumwambia kwamba viazi vya mbegu mwaka huu ni vizuri.

"Mm," amesema.

Hofu ya kesho.

Jumanne, 17 Juni

Hakimu aliisoma taarifa kimya, kisha sehemu yake kwa sauti. Ugonjwa wangu umetajwa mbele ya watu wote ukumbini, kwa jina langu kamili. Mama Kevini alikuwepo. Alisema amekuja Njombe kununua mbolea. Masikio yaliniwaka.

Hukumu: miezi mitatu ya huduma kwa jamii, ofisi ya kata, kwa muda wa saa nne kila siku, na kliniki bila kukosa. Nikikosa, gerezani.

Kuhusu Julai, afisa amesema niombe ruhusa ya siku mbili, naye ataitia saini. Fomu ya usaili ina kipengele cha makosa ya jinai. Nitakijaza. Sijui watafanya nini nacho.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefika ofisi ya kata saa mbili kasoro. Ukungu. Mhudumu, mama wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa anafungua milango. Alitazama koti langu la suti, akanyoosha mkono kwa heshima.

"Karibu sana. Wewe ndiye mtumishi mpya? Tulisikia analetwa msichana."

Hapakuwa na mtu mwingine. Ingewezekana kuwa mtumishi, kwa dakika chache.

"Hapana, mama. Mimi natumikia adhabu ya mahakama. Tena ninaumwa, nikichelewa kujibu usinishangae."

Akafungua mlango wa mwisho.

"Haya. Basi vua hilo koti, litachafuka. Fagio liko nyuma ya mlango."

Nimefagia baraza mpaka saa sita.