Nafasi ya Abigaïl

Jumanne, 26 Agosti 2025

Binti yangu Sephora hakupata nafasi shuleni kwa masista. Tena! Mtoto anayesoma gazeti la baba yake, wakamwacha. Wa mwenye duka kubwa akaingia, naye hata rangi hazijui. Nimelia jikoni kwa hasira.

Jioni akaja jirani yangu Albertine, mama Abigaïl. Binti yake alifaulu mtihani wa masista mwezi wa sita. Mwezi wa saba malaria ikamchukua. Shule haijui.

"Mama Sephora," akaniambia polepole, "nafasi ya mutoto wangu iko mupaka leo. Sephora aingie. Kule bamuite tu Abigaïl."

Nikamuuliza anataka nini. Hataki kitu. Anachotaka ni kumsuka tu Sephora nywele kila asubuhi.

Jumapili, 31 Agosti

Mume wangu Floribert hataki. Kwao Lukafu, anasema, mtu harithi jina la marehemu hivihivi, mpaka wazee wakae waombe. Nikamwambia sisi tunarithi dawati tu. Akaenda kulala. Nimeshinda.

Jumatatu, 1 Septemba

Mlangoni pa shule — mama Gaëlle. Binti yake ndiye wa kwanza kati ya wanaongojea nafasi. Alikuja kuuliza kama kuna mtoto ambaye hakufika. Sista akaita: Abigaïl! Sephora akajibu "présente" bila kusita, vizuri kuliko tulivyojizoeza nyumbani. Mama Gaëlle akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Niliona aibu. Halafu furaha ikazidi, nasema kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Sephora anaandika kwa mkono wa kushoto. Nani kamfundisha? Abigaïl ndiye aliyekuwa wa kushoto.

Ijumaa, 19 Septemba

Sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, haigusi tena. Eti inamuumiza tumbo, kama kawaida. Kawaida gani? Alikuwa analamba sahani!

Jana nilimwambia Albertine kuanzia leo nitamsuka mwenyewe. Akatabasamu tu. Asubuhi mtoto ameamka amekwisha kusukwa, mistari imenyooka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Naogopa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kumwambia sista ukweli, nafasi apewe Gaëlle. Nikafika getini. Nikawaona watoto wamepanga mstari, wangu mbele, msafi, anaimba. Nikarudi.

Leo baada ya masomo hakuja nyumbani. Ameingia kwa Albertine, ng'ambo ya barabara. Nimesimama barazani nikaita — Sephora! Sephora! Namwona dirishani anakula. Hata kichwa hageuzi.

Albertine akatoka mpaka getini kwake. Hakuwa na hasira. Alinihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyonitia baridi.

"Constance," akasema, "muite na jina yake."

Constance! Tangu nizae, hajawahi kuniita hivyo, ila Mama Sephora.

Nimekaa na daftari hili magotini. Mtoto amemaliza kula, ananawa mikono. Nikiita Abigaïl atakuja mbio, najua. Bado sijaita.